Mapishi ya kuandaa mapema: friza na chungu cha umeme

Mapishi ya kuandaa mapema ni utaratibu wa kupika chakula, au sehemu yake, saa, siku au hata wiki kadhaa kabla ya kuliwa. Katika majiko ya mijini utaratibu huu umebebwa na vyombo viwili vya umeme: friza, inayozuia chakula kuharibika, na chungu cha umeme cha moto mdogo, kinachoivisha taratibu huku mpishi yuko kazini au amelala. Vyombo hivi hutajwa pamoja kana kwamba ni ndugu, lakini kazi zake ni mbalimbali, na chakula kinachostawi katika kimoja huweza kuharibikia katika kingine.

Mpishi anayevitumia vizuri hagandishi mlo mzima. Hugandisha kile kinachokula saa nyingi: maharage yaliyochemshwa, masala ya biriani, supu ya mifupa, vitunguu vya kukaanga. Kinachoiva kwa nusu saa, kama wali, ugali, mchicha au samaki, hupikwa siku ile ile ya kuliwa. Anayejaribu kugandisha sahani nzima ya wali, mboga na samaki ili aje aipashe moto wiki ijayo hujikuta anakula kitu ambacho asingethubutu kumwekea mgeni.

Asili

Kupika usiku kucha ni jambo la kale kuliko umeme. Bokoboko ya Mombasa na Unguja, yaani ngano iliyopondwa ikapikwa na nyama mpaka vyote viwili vikawa kitu kimoja, ni jamaa wa harisa ya Waarabu, ambayo mapishi yake yamo tayari katika kitabu cha Ibn Sayyar al-Warraq kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 10. Oman nako, shuwa ya Idi hupakwa viungo, hufungwa katika majani makavu na kufukiwa ndani ya shimo lenye makaa, ikakaa humo usiku mzima au siku mbili.

Chungu cha umeme chenyewe kilitokana na mila nyingine. Kwa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kuwasha moto siku ya Sabato ni haramu. Kwa hiyo Ijumaa kabla jua halijatua, chungu cha maharage, nyama na shayiri, kiitwacho cholent, kilipelekwa kwenye tanuri la mwoka mikate na kuachwa kiive kwa joto lililobaki mpaka mchana wa Jumamosi. Irving Naxon, mvumbuzi wa Marekani aliyezaliwa Jersey City mwaka 1902, alisikia habari za chungu hicho kutoka kwa mama yake aliyekulia Vilnius. Alitengeneza chungu chenye nyaya za joto zilizozungushwa ubavuni badala ya kuwekwa chini tu, na mwaka 1940 alipewa hataza yake. Chombo kiliuzwa kwa jina la Naxon Beanery, kikilengwa hasa kwa maharage, na hakikuvuma sana.

Kilivuma baadaye, na kwa jina jingine. Kampuni ya Rival ilinunua biashara ya Naxon mwaka 1970, ikakirembesha chungu, ikakiita Crock-Pot na kukitoa sokoni mwaka 1971. Wakati huo wanawake wengi wa Marekani walikuwa wakiingia katika ajira, na chombo kinachopika bila kusimamiwa kilipata wateja mara moja. Kitabu cha mapishi ya chungu hicho, Crockery Cookery cha Mabel Hoffman, kilitoka mwaka 1975 na kuuzwa kwa mamilioni ya nakala.

Friza ina historia yake. Clarence Birdseye, Mmarekani aliyeishi Labrador kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliwaona Wainuiti wakivua samaki katika baridi kali ambayo iliwagandisha papo hapo. Walipoyeyushwa miezi baadaye, samaki hao walikuwa na ladha ya samaki wabichi. Birdseye alielewa kwamba siri ilikuwa kasi: maji yakiganda haraka hufanya chembe ndogo za barafu, yakiganda polepole hufanya chembe kubwa zinazopasua nyuzi za nyama, na utamu ukamwagika pamoja na maji wakati wa kuyeyusha. Vyakula vyake vilivyogandishwa vilianza kuuzwa madukani Springfield, Massachusetts, mwezi Machi 1930.

Afrika Mashariki ina chombo cha tatu kinachostahili kutajwa, ingawa hakina waya wala plagi. Ni kapu la kupikia bila moto, ambalo limesambaa katika vikundi vya wanawake nchini Kenya: kapu la kawaida lililotandikwa matambara, sponji au blanketi kuukuu. Sufuria ya maharage au mchele huchemshwa kidogo, hufunikwa, hutumbukizwa humo na kuzibwa kwa mto, ikaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Wazo hilo hilo, likiwa limeshonwa kuwa mfuko, lilianza kuuzwa Afrika Kusini mwaka 2008 kwa jina la Wonderbag.

Chungu cha moto mdogo

Chungu hiki ni bakuli zito la udongo uliochomwa, lililokaa ndani ya ganda lenye nyaya za joto na kufunikwa kwa kioo. Kwa kawaida hutumia wati 150 hadi 300, kiasi kisichozidi sana balbu chache za zamani. Kina hali ya chini na hali ya juu. Wengi hudhani hali ya juu ni moto mkali zaidi. Kwa vyungu vingi vya kisasa zote mbili hufikia karibu na kuchemka, tofauti ni muda wa kufika huko. Mapishi ya saa 4 katika hali ya juu huchukua kama saa 8 katika hali ya chini.

Nyama inayokifaa ni ile ngumu: shingo, muundi, mkia, kongoro, mbuzi mzee. Nyama hizi zina kolajeni nyingi, ambayo kwa joto la muda mrefu hulainika ikawa jelatini na kuufanya mchuzi uwe mzito. Sarara hukauka humo. Kuku wa kisasa huiva upesi mno na kuachana na mifupa, wakati kuku wa kienyeji, anayewashinda wapishi kwenye jiko la gesi, hutoka laini bila kumenyuka.

Mvuke hautoki, kwa hiyo maji hayapungui. Anayetia maji kama alivyozoea kwenye sufuria hupata supu alipotaka mchuzi. Nusu ya maji ya kawaida hutosha. Chungu hakikaangi wala hakitoi rangi, na hivyo vitunguu, nyanya na viungo hukaangwa kwanza pembeni. Kila kifuniko kinapofunuliwa joto hukimbia, na muda wa kupika huongezeka kwa dakika 20 au zaidi. Nyama iliyoganda haitiwi humo kabisa, kwa sababu itakaa saa nyingi katika uvuguvugu ambamo bakteria huzaliana.

Maharage yanahitaji onyo la pekee, tena la kushangaza, kwa kuwa ndiyo chombo hiki kilibuniwa kwa ajili yake. Maharage mekundu yakiwa mabichi yana sumu ya asili, lektini iitwayo fitohemaglutinini. Punje nne au tano tu zisizoiva zaweza kumfanya mtu atapike na kuharisha ndani ya saa tatu. Kuchemka kwa nguvu huiangamiza sumu hiyo, lakini joto la nyuzi 80 halitoshi, na laweza hata kuizidisha mara kadhaa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hushauri maharage yalowekwe angalau saa 5, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa dakika 30 katika maji mapya. Baada ya hapo yanaweza kuingia kwenye chungu. Kwa maharage makavu na githeri, sufuria ya presha ya umeme ina faida zaidi: huvuka nyuzi 100, humaliza kazi kwa muda wa chini ya saa moja au karibu yake, na hula umeme mdogo zaidi.

Friza

Friza ya nyumbani hupaswa kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo bakteria hawakui, lakini hawafi. Chakula kilichoingia na uchafu hutoka nao. Usalama huanza kabla ya friza. Sufuria kubwa ya mchuzi ikiachwa mezani ipoe yenyewe, katikati yake hubaki vuguvugu mpaka usiku wa manane. Mchuzi hugawanywa katika vyombo vifupi, na ndani ya saa 2 uwe umeingia baridini. Wali na pilau ni hatari zaidi ya wanavyodhani wapenzi wa kiporo: mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, huamka wali ukikaa nje usiku kucha, na sumu yake haiondoki kwa kupashwa moto asubuhi.

Kwa kuwa friza ya nyumbani haina kasi ya mitambo ya Birdseye, mpishi hupunguza unene. Nusu kilo ya maharage na maji yake, ikitiwa kwenye mfuko na kulazwa bapa, huganda upesi, hupangwa kama vitabu na kuyeyuka kwa muda mfupi. Vyombo vigumu huachiwa nafasi juu, maana maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Kila mfuko huandikwa jina na tarehe. Mifuko miwili ya rojo jekundu hufanana, na mmoja ni wa pweza. Mchuzi na supu hubaki na ladha nzuri miezi 2 hadi 3. Nyama ya kuchinja ya Idi ya mwezi wa Mfunguo Tatu, ambayo hujaza friza kwa siku moja, hukaa zaidi ikiwa vipande vizima kuliko ikiwa imesagwa.

Viazi vya vipande ndivyo mara nyingi huharibu mchuzi uliogandishwa: hutoka kama sponji. Vikipondwa havina shida, na ndiyo sababu katlesi hugandishwa bila wasiwasi. Tui la nazi hukatika, basi mchuzi hugandishwa bila tui na tui zito huongezwa siku ya kupakua. Nazi iliyokunwa, kwa upande wake, hukaa vizuri sana. Matango na kachumbari havina la kufanya humo. Karafuu, kitunguu saumu na pilipili manga huzidi ukali, hata kuwa chungu, na wapishi waangalifu huzitia kwa mkono mwepesi na kurekebisha wakati wa kupasha. Chapati hugandishwa zikiwa zimepikwa, karatasi kati ya moja na nyingine, na hurudishwa moja kwa moja kwenye kikaango kikavu.

Ramadhani na wageni

Katika miji ya pwani, siku za mwisho za Shaabani ndizo siku za kukunja sambusa. Nyama ya kusaga hukaangwa na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi mpaka maji yote yakauke. Ikishapoa ndipo huchanganywa na vitunguu vilivyokatwa vidogo, kotimiri, pilipili na ndimu. Nyama yenye maji hulowesha manda, na manda iliyolowa hupasuka kwenye mafuta. Manda hukunjwa pembe tatu, mdomo ukafungwa kwa uji mzito wa ngano. Kisha sambusa hupangwa kwenye sinia bila kugusana, sinia ikaingizwa kwenye friza kwa saa kadhaa, na zikishakuwa ngumu ndipo zinapotiwa kwenye mifuko. Zikiwahishwa mfukoni hushikana, na jioni ya kufuturu huachanishwa kwa kisu huku manda ikichanika. Hukaangwa zikiwa zimeganda, katika mafuta ya moto wa wastani; zikiachwa ziyeyuke kwanza hulegea. Kwa baadhi ya wanawake hii ni biashara kamili: sambusa, kababu na katlesi za friza huagizwa kwa simu wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Kwa mgeni wa heshima, biriani ya pwani ina sifa ambayo haisifiwi vya kutosha. Masala yake na wali wake hupikwa mbalimbali na kukutana kwenye sahani, kwa hiyo kazi ya siku mbili yaweza kukatwa katikati. Masala ya mbuzi, pamoja na vitunguu vya kukaanga, nyanya na mtindi, hupikwa wiki moja kabla, katika chungu cha moto mdogo kwa anayetaka, na kugandishwa bila viazi. Mtindi hukatika kidogo, lakini vitunguu huuficha. Usiku wa kuamkia siku ya wageni masala huhamishiwa kwenye friji yayeyuke. Kuyaacha juu ya meza siku nzima ni kuwaalika bakteria kabla ya wageni. Kesho yake viazi vilivyokaangwa huongezwa, masala huchemshwa sawasawa mpaka katikati, na wali wa zafarani hupikwa wageni wakiwa njiani.

Umeme ukikatika

Friza iliyojaa, mlango ukiwa umefungwa, huhifadhi baridi kwa takribani saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Chupa za maji zilizogandishwa hujaza nafasi tupu na kurefusha muda huo. Anayesafiri huweza kuacha kikombe cha barafu chenye sarafu juu yake: akirudi na kuikuta sarafu imezama, umeme ulikatika muda mrefu, barafu ikayeyuka na kuganda tena, hata kama kila kitu kinaonekana sawa. Chakula ambacho bado kina chembe za barafu, au kina baridi ya friji, chaweza kugandishwa upya, ingawa ladha hupungua. Nyama na mchuzi vilivyokaa zaidi ya saa 2 katika joto linalozidi nyuzi 4 hutupwa, na chungu cha umeme kilichozimika katikati ya kazi, mwenye nyumba akiwa hayupo, hutupwa kilichomo hata kikionekana kimeiva.