Gofu Lisilo na Mawe: Ibra ya Kando ya Ziwa Nyasa



Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuhimiza mara nyingi katika Qur'ani tukufu tutembee katika ardhi, tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Kwa hiyo kuzuru magofu si tafrija tu. Wako watu wavukao bahari mpaka Guatemala, wakapenya msituni kuutazama Tikal, mji wa mawe wa Wamaya ulioachwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Sisi wa pwani tunayo Gedi yetu, ndani ya msitu karibu na Malindi, na Kilwa Kisiwani na msikiti wake mkuu. Huko twaenda kwa fahari, kwani ni kazi ya wazee wetu.

Lakini liko gofu jingine la watu wetu ambalo hatupendi kulitaja.

Ukifika Kyela, penye mashamba ya mpunga na kokoa, shika njia ya Kasumulu, uvuke mto Songwe, uingie Malawi na kushuka mpaka Karonga, kando ya Ziwa Nyasa. Mto huo ni mpaka wa serikali tu. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule ni ndugu, na husikilizana lugha. Magharibi ya Karonga, mahali paitwapo Mpata, ndipo lilipokuwa boma la Mlozi bin Kazbadema, mfanyabiashara wa Kiswahili. Usitazamie kuta za matumbawe: boma lile lilikuwa la magogo na udongo.

Mlozi na wenzake walifuata pembe za ndovu kutoka bonde la Luangwa, na pamoja na pembe wakauza watu. Wangonde waliwaacha wakae katika nchi yao. Oktoba 1887 wageni wakawageukia wenyeji. Wangonde walikimbilia ndani ya matete ya ziwa dogo la Kambwe. Ruga-ruga wakayatia moto. Waliotoka walipigwa risasi, na waliobaki majini waliliwa na mamba. Kisha Mlozi akajiita Sultani wa nchi ile.

Usultani huo haukutimiza miaka 10. Desemba 1895 Mwingereza Harry Johnston alilivunja boma kwa mizinga. Mlozi alihukumiwa na wazee wa Wangonde mbele ya Johnston, akanyongwa.

Utasema: Waingereza walitafuta kisingizio cha kuitwaa nchi. Naam, na waliitwaa. Lakini ni nani aliyewapa kisingizio hicho? Dhulma ya mkoloni haiihalalishi dhulma yetu. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Na aliyeiona kanzu ikifuatana na minyororo, angejuaje kwamba Uislamu ni rehema?

Wala tusidhani kwamba habari hii imekwisha na Mlozi. Yule binti wa bara anayetupikia na kutulelea watoto, je, ujira wake tumempa kabla jasho lake halijakauka? Jina lake twaliita kwa heshima? Chakula anachokipika, anakila?

Msikiti wa Kilwa ungali umesimama. Boma la Mpata limekuwa udongo. Ewe msomaji, tazama nyumba yako wewe umeijenga kwa kipi.

Mwenyezi Mungu atuepushe na dhulma, kubwa na ndogo. Amin.