Mtaji wa kigeni na kambi za wafanyakazi katika Katanga

Anayesimulia maendeleo ya Katanga huanza kwa kawaida na shaba. Lakini shaba haikuwa jambo geni: wenyeji waliiyeyusha karne nyingi kabla ya Wabelgiji, na misalaba ya shaba iliyofukuliwa katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yatosha kuwa ushahidi. Kilichokuwa kigeni ni mtaji. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, ambamo Société Générale ya Ubelgiji ilishirikiana na Tanganyika Concessions ya Robert Williams. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata shaba ikaanza kuyeyushwa hapo.

Fedha zilikuwapo, mitambo ilikuwapo, mikono haikutosha. Nchi ile ilikuwa na watu wachache, na mwenye shamba lake hakuona sababu ya kuliacha kwa ujira mdogo. Basi wafanyakazi wakatafutwa mbali: kwanza Rhodesia ya Kaskazini, baadaye Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi. Mikataba ilikuwa ya miezi michache, wengi wakaugua, wengi wakatoroka. Kuanzia mwaka 1928 kampuni ilieneza mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu waume kuja na wake zao, ikajenga nyumba, hospitali na shule, ikagawa posho. Wako wanaouita mpango huo wema. Ulikuwa hesabu: kumtafuta mgeni kila mara kulikuwa ghali kuliko kumtunza aliyekwisha kuijua kazi.

Katika kambi hizo Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani kwa watoto ambao wazazi wao hawakuzaliwa nacho. (Johannes Fabian alionyesha mwaka 1986 kwamba misafara ya biashara kutoka pwani haitoshi kueleza kuenea huko, siasa ya kazi ilikuwa na sehemu kubwa.) Lakini utunzaji ulikuwa na mpaka wake. Desemba 1941, maisha yalipopanda bei kwa sababu ya vita, wafanyakazi waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Askari wakawapiga risasi huko Elisabethville, wengi wakafa.

Serikali ilitaifisha mali ya kampuni kuanzia Januari 1967, na Gécamines ikarithi migodi pamoja na shule na hospitali zake. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na mwaka 1994 shaba haikufika tani 40,000.

Sheria ya migodi ya mwaka 2002 iliwafungulia mlango tena wawekezaji wa nje. Mwaka 2008 ukaja mkataba wa Sicomines na makampuni ya Kichina, madini kwa barabara na majengo. Kati ya tarehe hizo mbili, Gécamines iliwaachisha kazi watu zaidi ya 10,000. Mwaka 2023 Kongo ilitoa tani zaidi ya milioni mbili, zaidi ya mara nne ya kilele cha zamani. Mitambo mikubwa ya leo haihitaji familia nyingi zikae karibu na shimo, kwa hiyo lile lililofanywa na hesabu ya mwaka 1928 sasa linadaiwa kwa sheria: marekebisho ya mwaka 2018 yanaitaka kila kampuni yenye mgodi itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa ajili ya wakazi wanaouzunguka.