Ngara 1994: Shule Ndani ya Sanduku

Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Wengine walilala madarasani, na madawati ya shule za vijiji yakageuzwa kuni.

Kambini, UNESCO na UNICEF walileta shule ndani ya sanduku: chaki, daftari, penseli na rangi ya ubao, vya kutosha watoto 80 kwa zamu mbili. Wakimbizi waliokuwa walimu kwao wakafundisha watoto wa wenzao.

Desemba 1996 wakarudishwa Rwanda. Baadaye misaada ilikarabati baadhi ya shule za wenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mtoto wa mwenyeji aliyesoma akiketi sakafuni, alipona?