Kutoka Maringo hadi Misofonia: Historia Fupi ya Kero ya Sauti

Misofonia ni hali inayomfanya mtu apatwe na hasira, karaha au wasiwasi mkali anaposikia sauti fulani za kawaida, hasa zile zinazotoka mdomoni na puani mwa binadamu mwenzake: kutafuna, kufyonza chai, kuvuta kamasi, kupumua. Sauti yenyewe si lazima iwe kubwa. Mtu huyohuyo anaweza kukaa karibu na spika za harusi bila shida, lakini akashindwa kukaa meza moja na ndugu yake anayekula muhindi wa kuchoma.

Katika insha hii ninajadili jinsi hali hii ilivyopata jina, na kwa nini jina hilo lilichelewa. Hoja yangu ni kwamba kabla ya jina kupatikana, mlalamikaji alipimwa kwa tabia yake, si kwa maumivu yake. Jina ndilo lililofungua mlango wa msaada, ingawa jina peke yake si dawa.

Malalamiko kuhusu sauti ni ya zamani. Mwaka 1851 mwanafalsafa Mjerumani Arthur Schopenhauer alichapisha insha ya kulaani kelele, akilalamikia zaidi waendesha magari ya farasi waliopiga mijeledi barabarani. Mjini London, mwandishi Thomas Carlyle alijenga chumba juu ya paa la nyumba yake mwaka 1853 ili akimbie kinanda na majogoo wa jirani. Chumba hicho hakikumpa utulivu alioutarajia. Mwanahisabati Charles Babbage aliwapiga vita wanamuziki wa mitaani, na mwaka 1864 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwadhibiti. Watu wa mitaani walimjibu Babbage kwa kumfuata na kumpigia kelele zaidi.

Je, watu hawa walikuwa na misofonia? Hapa mwanafunzi wa historia anapaswa kujizuia. Kwanza, walilalamikia mijeledi, majogoo na muziki wa barabarani, ilhali misofonia mara nyingi huanzia kwa sauti ndogo za watu wa karibu, wakiwamo wa familia. Pili, ugomvi wa Babbage ulikuwa pia ugomvi wa kitabaka: wengi wa wapiga muziki hao walikuwa wahamiaji maskini kutoka Italia. Tatu, tunawajua wanaume hawa kwa sababu walikuwa na kalamu, nafasi na fedha. Mtumishi wa jikoni aliyeteswa na namna bwana wake alivyotafuna hakuwa na paa la kujengea chumba, wala hakuna aliyeandika malalamiko yake. Ukimya wa nyaraka haumaanishi kwamba watu wa aina hiyo hawakuwapo.

Ukimya huo ninaufahamu kwa sababu hata mimi nina hali hii. Kwetu Uganda, hasa Buganda, mtoto hulelewa kwa empisa, yaani adabu: anakaa chini na wenzake, anakula kilichoandaliwa, haondoki kabla ya wakubwa. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, sauti ya kutafuna ilikuwa ikinipandisha damu, moyo ukienda mbio kana kwamba nimetishwa. Nilipoomba kula peke yangu, shangazi alisema nina maringo. Simlaumu. Katika lugha tulizozitumia nyumbani kulikuwa na maneno ya kiburi, uvivu na ukosefu wa heshima. Neno la hali yangu halikuwapo. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kunguni wasio na jina ni vigumu zaidi kuwaeleza.

Jina lilitoka kwa wataalamu wa masikio. Miaka ya 1990 nchini Marekani, Marsha Johnson, mtaalamu wa usikivu, alianza kueleza wagonjwa ambao masikio yao yalikuwa mazima lakini hawakuvumilia sauti mahususi. Mwaka 2001 Pawel na Margaret Jastreboff, waliokuwa wakishughulikia watu wenye mlio wa masikioni, walibuni neno misofonia kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya chuki na sauti. Walitaka kuitofautisha na hali ya masikio kuumizwa na ukubwa wa sauti.

Baada ya hapo wataalamu wa akili na ubongo waliingia. Mwaka 2013 madaktari wa Amsterdam walieleza wagonjwa 42 na kupendekeza vigezo vya utambuzi. Mwaka 2017 Sukhbinder Kumar na wenzake wa Newcastle, Uingereza, walionyesha kwamba sauti hizo huamsha kupita kiasi sehemu ya ubongo iitwayo insula, inayohusika na hisia na kuamua jambo gani lipewe uzito. Mwaka 2022 jopo la wataalamu lilichapisha ufafanuzi wa pamoja. Hata hivyo, misofonia haimo kama ugonjwa unaojitegemea katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani.

Msaada umefuata jina. Jaribio lililofanyika Amsterdam na kuchapishwa mwaka 2021 lilihusisha watu 54. Waliopata tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na tabia, wakikutana kwa vikundi, walipata nafuu ya wazi kwa asilimia 37, huku katika kundi lililosubiri asipatikane hata mmoja. Takwimu hizi zinatia moyo, lakini zinaonyesha pia kwamba wengi hawakufikia nafuu hiyo. Kwa mwanafunzi wa hapa kwetu, hatua za kwanza ni kupima masikio katika kliniki ya masikio, pua na koo, kisha kumwona mshauri nasaha au mwanasaikolojia na kumtajia neno hili bila aibu. Nyumbani, sauti ya redio au feni wakati wa kula hupunguza makali. Kuziba masikio kutwa nzima hakushauriwi, kwani masikio huzidi kuwa mepesi wa kukereka.

Kwa kuhitimisha, historia ya misofonia haihusu maabara peke yake. Inahusu pia nani aliyesikilizwa. Babbage alisikilizwa na Bunge kwa sababu ya hadhi yake. Wengine walingoja hadi neno lilipobuniwa. Neno hilo sasa limefika katika Kiswahili, na ni wajibu wetu tunaosoma kwa lugha hii kulifikisha nyumbani, ili mtoto anayeomba kula pembeni aulizwe anasikia nini kabla ya kuambiwa ana maringo.