Nani kasema watu wa Pwani hawapendi shule?



Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, dukani kwetu hutufikia kina mama wawili watatu, kila mmoja na binti yake nyuma yake. Maneno ni yale yale: "Dada, huyu kafeli, mfundishe hata kushona." Hiyo "hata" inatuchoma. Na akiwapo mteja wa kutoka bara anayesubiri gauni lake, hamalizi kunywa maji kabla hajasema watu wa Pwani hawapendi shule. Tumeisikia mpaka tumechoka, basi leo tuirudie historia ya mji huu kidogo.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Waliowasomesha kwanza ni watoto waliokombolewa utumwani. Walifundishwa sala na kusoma, wavulana wakajifunza kilimo na ufundi wa mikono, na wasichana wakawa kwa masista wakijifunza kushona na kazi za nyumbani. Hakuna aliyewauliza wanataka kuwa nani. Familia za mji zilikuwa Waislamu, zina vyuo vyao vya Qur'ani. Kwao shule ya misheni ilikuwa mahali ambapo mtoto huingia Juma akatoka ana jina jingine. Mzazi aliyemzuia mwanawe alikuwa analinda dini yake. Elimu yenyewe hakuichukia.

Ushahidi ni Sheikh Yahya bin Abdallah, tunayemjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Alizaliwa pande za Kongo ya mashariki, akaletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa. Akasoma, akasoma, mpaka mtoto yule asiye na ukoo hapa akawa mwanachuoni mkubwa wa Bagamoyo na khalifa wa tarika ya Qadiriyya. Alipofariki mwaka 1931, watu walikuwa wakisafiri kuja kusoma kwake. Mji usiopenda elimu haumpi mtu aliyekuja na minyororo heshima ya namna hiyo kwa sababu ya kitabu tu!

Wajerumani walipofungua shule za serikali miaka ya 1890, kuanzia Tanga, hawakufundisha dini ndani yake. Aliyetoka pale na kalamu yake aliweza kuwa karani au akida. Watu wa mwambao wakapeleka watoto. Tuseme watoto wa kiume, maana sisi wanawake habari yetu ilikuwa nyingine.

Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kwamba wasichana walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Huyo ni binti wa mfalme, sembuse sisi. Hofu ya wazee ilikuwa kwamba msichana akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. Kwenu Unguja shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, na walimu walikuwa na kazi ya kuwahakikishia wazazi kwamba stara ya mtoto itabaki.

Baada ya uhuru mlango ulipanuka. Shule nyingi za misheni zikawa chini ya serikali mwishoni mwa miaka ya 1960, na dini ya mtoto haikupaswa tena kumzuia mlangoni. Mwaka 1978 sheria ikafanya shule ya msingi kuwa ya lazima. Lakini baada ya darasa la saba nafasi za sekondari zilikuwa chache sana, na hapo ndipo lilipoota neno ambalo bado tunalo vinywani: "Kachaguliwa?" Lisikilizeni vizuri neno hilo. Hatuulizi mtoto kachagua nini. Tunauliza kama yeye kachaguliwa. Asiyechaguliwa alirudi nyumbani, na kama ni msichana aliyekwisha kuvunja ungo, posa haikuchelewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu aolewe na miaka 15 wazazi wakikubali.

Shule za kata zilipoenea kuanzia mwaka 2006, na ada ilipoondolewa mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, wengi waliingia. Kisha Juni 2017, Rais John Magufuli akiwa ziarani hapa hapa mkoani Pwani, alisema hadharani kwamba msichana aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Kauli ile tuliisikia majirani zetu wakiwa wamebeba watoto mgongoni. Kwenu Zanzibar mabinti wa namna hiyo walikuwa wakiruhusiwa kurudi tangu miaka ya nyuma. Huku bara ilibidi wangoje mpaka Novemba 2021.

Katika miaka hiyo minne ndipo cherehani zetu zilipojaa. Hatusemi kwa kujisifu. Walikuja mabinti wenye akili ya hesabu kutushinda, anakata mkono wa gauni kwa macho tu, na ukimuuliza alitaka nini anakwambia uuguzi. Tulifurahi kupata mikono, na tuliona haya kufurahi.

Ushonaji ni riziki ya halali na sisi tumeusomea kwa kupenda, baada ya sekondari, wazazi wakiguna. Umetulisha na umetujengea. Kinachotuudhi ni kuufanya kapu la waliotemwa, wakati binti anayeupenda kweli anazuiwa kwa sababu kafaulu.

Wiki iliyopita alikuja mama mwingine na bintiye. Kabla hajafika kwenye ile "hata" yake, tulimgeukia mtoto tukamuuliza yeye anataka nini. Alimtazama mama yake kwanza. Mama naye akamtazama, kama mtu anayelisikia swali hilo kwa mara ya kwanza. Tukawavutia viti, tukazima cherehani.