Tai juu ya sheria za Catherine

Mwaka 1783 Dmitry Levitsky alimchora Catherine wa Pili, malkia wa Urusi, akiwa ndani ya hekalu la mungu wa haki. Malkia anachoma maua ya afyuni madhabahuni. Afyuni huleta usingizi. Kuyachoma, basi, ni kujinyima usingizi kwa ajili ya raia. Kichwani ana shada la majani, si taji la kawaida la kifalme. Miguuni pake tai ametua juu ya vitabu vya sheria. Picha tamu hiyo! Lakini sheria zipi hasa? Mwaka uo huo amri yake iliwafunga wakulima wa Ukraine kwenye ardhi ya mabwana, wasiruhusiwe kuhama. Naye Levitsky, asili yake ilikuwa huko huko Ukraine.