Kabla ya Pikipiki: Miguu Iliyoizaa Boda

Ukiwa Nairobi unasimamisha boda bila kufikiria neno lenyewe limetoka wapi. Unapanda, mnabishana kuhusu shilingi 50, basi, safari imeanza. Lakini neno hilo lina kwao, na kwao si mjini. Kwao ni Busia, pale Kenya inapoishia na Uganda kuanza. Na halikuzaliwa na injini. Lilizaliwa na baiskeli.

Hadithi inayosimuliwa ni fupi. Miaka ya 1960 na 1970, kati ya geti la Kenya na geti la Uganda kulikuwa na kipande cha barabara cha zaidi ya nusu maili, ambacho si cha huku wala kule. Ukishuka matatu upande mmoja, ulikuwa na kazi ya kufika upande wa pili na mizigo yako kichwani. Gari lingekuvusha, ila gari lilitaka makaratasi ya kuvuka nchi. Baiskeli haikuwa na makaratasi. Vijana wakaweka kiti cha sponji kwenye keria, wakasimama karibu na geti na kuita abiria: boda, boda! Yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Muda si muda, wenzao wa Malaba nao wakawa kazini.

Ni hadithi tamu, lakini inaruka swali moja. Hicho kipande cha nusu maili kiliwekwa na nani?

Turudi 1902. Kabla ya hapo, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulianzia ziwani Victoria na kufika karibu na Naivasha. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu Desemba 1901, na Waingereza wakaona heri reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Kwa hiyo mkoa huo ukahamishiwa upande unaoitwa Kenya leo, na mpaka ukasogezwa magharibi. Mwaka 1926 mstari ukaandikwa rasmi, ukifuata mito: Sio, Malaba, Lwakhakha. Wasamia wakajikuta huku na kule. Wateso vivyo hivyo, wengine Tororo, wengine Amukura na Amagoro. Mtu alilala akiwa jirani ya shangazi yake, akaamka shangazi ni mgeni wa nchi nyingine.

Kwa hiyo boda wa kwanza hakugundua safari mpya. Watu walikuwa wakivuka mito hiyo kwa mazishi, mahari na soko tangu zamani. Alichofanya ni kuirudisha safari ya zamani pale ambapo serikali mbili zilikuwa zimeifanya ngumu, na kuilipisha.

Sasa hebu fikiria kazi yenyewe. Kwenye ramani ya simu, Busia inaonekana tambarare. Usidanganyike. Ukitoka Bumala kwenda Busia, kilomita 20 na ushee, barabara inateremka hadi Mto Sio kisha inakudai ulichoteremka. Ukikata kushoto Bumala kuelekea Funyula, unaingia kwenye vilima vya Samia, ambako wahunzi walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe kabla mzungu hajafika. Upande wa kaskazini, kati ya Busia na Malaba, kama kilomita 30 hivi, unapita Alupe na Adungosi huku vilima vya Teso vikikuangalia. Hakuna mlima wa kutisha. Kuna panda-shuka zisizoisha, na hizo ndizo zinazomaliza mapaja.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ile nyeusi nzito, Raleigh ya Uingereza, baadaye Hero ya India na Phoenix ya China. Wengi tunaijua kama Black Mamba. Gia ni moja tu. Mkiwa wawili mlimani, abiria anashuka na kutembea, mwendeshaji anasukuma, mkifika juu mnapanda tena. Hakuna aliyeona hiyo ni aibu, ilikuwa sehemu ya bei. Kuteremka ndiko kulikuwa na hatari, kwa sababu breki za fimbo hazikutengenezwa kwa ajili ya watu wawili na gunia la mahindi.

Halafu ikaja kahawa. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda isivyo kawaida. Uganda wakati huo ilikuwa ya Idi Amin, aliyetwaa madaraka Januari 1971 na kuwafukuza Waasia mwaka uliofuata. Maduka yalikuwa matupu na bodi ya serikali ilimlipa mkulima pesa kidogo, pesa ambazo zenyewe zilikuwa zinapoteza thamani. Upande wa Kenya kulikuwa na bei nzuri, sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kahawa ikavuka. Soko la Chepkube, huko Bungoma chini ya Mlima Elgon, likawa maarufu nchi nzima, na watu wakatajirika kwa muda mfupi mno. Magunia yalikwenda kwa malori, kwa punda, kwa vichwa vya akina mama, na kwa keria za baiskeli.

Biashara hiyo iliitwa magendo, na kwa Amin ilikuwa kosa la kufia. Februari 1976 alidai hadharani kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, akirejelea ule mpaka wa zamani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Kadiri wakubwa walivyogombana ndivyo njia za panya zilivyopata kazi. Wale vijana wa baiskeli ndio waliojua kivuko kipi maji yamepungua na askari yupi amelala.

Miaka ya 1990 boda ya baiskeli ilikuwa imeshuka hadi Kisumu na miji mingine ya magharibi. Kisha mwaka 2008 serikali ya Kenya ikaondoa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250. Boxer na TVS kutoka India zikajaa barabarani, zikachukua abiria, zikachukua stegi, zikachukua na jina. Leo ukisema boda, hata Dar es Salaam, hakuna anayewaza pedali.

Sikatai, pikipiki imesaidia. Mama mwenye uchungu usiku hawezi kungoja mtu wa kusukuma baiskeli mlimani. Lakini kuna kitu kilipotea na hakitajwi sana. Mwenye baiskeli alikula ugali, akapiga pedali, akarudi na hela yake. Kijana wa leo anaamka akiwa na deni la mkopo wa pikipiki, bei ya petroli asiyoipanga yeye, na faini za barabarani. Rika langu tunaambiwa tujiajiri, halafu chombo cha kujiajiri kinakuja na mwajiri wake ndani.

Hata kile kipande cha nusu maili kimebadilika. Tangu 2014 Mkenya na Mganda wanavuka kwa kitambulisho. Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walizindua kituo cha pamoja pale Busia, unakaguliwa mara moja na kuendelea. Ni afueni. Ila pia kuna watu walioishi kwa huo ugumu, wakiwemo walemavu wa baiskeli za magurudumu matatu za kuzungusha kwa mkono, waliokuwa wakivusha mizigo mpaka huo miaka nenda miaka rudi. Njia ikinyooka, aliyekuwa akiishi kwenye kona lazima atafute pengine.

Siku hizi watu wa mjini wamependa kuendesha baiskeli mbali, na helmeti na gia 21. Karibuni magharibi. Anzeni Bumala, mpite Funyula hadi Sio Port, mrudi Busia, mmalizie Malaba. Mkipumzika stegi, mtafuteni mzee mwenye ndama za miguu zilizokakamaa, mumnunulie chai, mumuulize alikuwa akibeba nini mwaka 1976. Wengi wao hawajawahi kuulizwa, na umri unasonga.